Pamba za puani hutoka kesho yake, kazi ya kuosha ni ya miezi

Kila anayepangiwa upasuaji wa sainasi, yale mashimo ya hewa ndani ya mifupa ya uso, akisikia kwamba mimi nimeshafanyiwa, swali lake la kwanza ni lile lile: zile pamba anazozibwa nazo mtu puani baada ya upasuaji, siku ya kutolewa, zinauma kiasi gani? Nimeulizwa na mafundi wenzangu wa Keko, hapa Dar, nimeulizwa na shemeji yangu, na mama mmoja tuliyekaa benchi moja kwenye kliniki ya masikio, pua na koo akimsubiri mwanawe. Wote nimewajibu ukweli. Zinauma, na maumivu yenyewe ni ya dakika chache. Kisha nawaongezea ambalo hawakuuliza: kitakachoamua kama upasuaji utakufaa ni zile wiki na miezi baada ya pamba kutoka, na kazi ya wiki hizo ni yako wewe na watu wa nyumbani kwako.

Mimi ni seremala. Zaidi ya nusu ya umri wangu nimeumaliza karakana, kwenye randa ya mashine, msumeno na msasa. Fundi wa mbao huijua mbao kwa pua kabla hajaishika. Mninga una harufu yake, mkongo una yake, msonobari ukikatwa karakana nzima inajua. Harufu hizo zilinipotea taratibu. Yalianza mafua yasiyokwisha, yakafuata makamasi mazito yanayoshukia kooni usiku, na uzito chini ya macho kila nikiinama kupiga randa. Siku moja mke wangu aliingia jikoni akakuta mtungi wa gesi unavuja na harufu imejaa nyumba nzima, nami nimeketi hatua chache tu kutoka hapo, nakunywa chai, sijui lolote. Ndiye aliyesema, "Baba, hili si la duka la dawa tena."

Daktari bingwa aliniingiza kamera nyembamba puani akanionesha kwenye kioo nyama za puani pande zote mbili, laini, nyeupe-nyeupe, zimeziba njia. Nashukuru hakukimbilia kisu. Alisema dalili zikizidi wiki 12 huo ni ugonjwa sugu, na ugonjwa sugu wa sainasi huanza kutibiwa kwa dawa: ya kupulizia puani kila siku, maji ya chumvi, na vidonge vya prednisolone, vya kupunguza uvimbe, kwa muda mfupi. Akanikataza matone ya kuzibua pua, yale ambayo wengi tunayanunua wenyewe, kwa kuwa yakitumika zaidi ya siku chache pua huyazoea na kuziba zaidi yakiachwa. Aliniuliza pia kama nina pumu na kama asprini iliwahi kunibana kifua, maana kuna watu ambao nyama za puani, pumu na asprini kwao ni ugonjwa mmoja. Vidonge vilinipa nafuu, vilipokwisha pua ikaziba tena. Hapo ndipo tukaenda kwenye picha ya CT, ile ya mionzi inayoonesha ndani ya kichwa, kisha kibali cha bima, kisha tarehe.

Picha ile naomba kila mgonjwa aombe kuelezwa. Nilioneshwa sainasi zangu zilizojaa, nikaoneshwa na ukuta unaotenganisha sainasi za kati ya macho na jicho lenyewe. Ni mfupa mwembamba mno, kiasi kwamba ukiushika mkononi mwanga unapenya. Juu yake kuna sakafu ya ubongo. Daktari anayekata humo anahitaji ramani, na picha ndiyo ramani yake. Baada ya kuiona nilielewa pia masharti yote niliyopewa baadaye, ambayo kwa mtu asiyeiona picha yanaonekana ni ukali tu wa manesi.

Wodini, mzee wa kitanda cha pili, aliyelazwa kwa kutokwa damu puani, alininyanyulia mdomo wa juu akanionesha kovu juu ya ufizi. Alipasuliwa sainasi ujanani kwa njia ya zamani: daktari anachana juu ya meno, anatoboa mfupa wa shavu, anasafisha. Upasuaji huo uliitwa Caldwell-Luc, kwa majina ya Mmarekani na Mfaransa waliouelezea miaka ya 1890. Mzee alikumbuka gozi ndefu iliyovutwa puani mwake bila kuonesha mwisho wake. Wa siku hizi unapitia tundu la pua, kwa kamera. Msingi wake uliwekwa na Walter Messerklinger, daktari wa Graz nchini Austria, aliyefuatilia jinsi ute unavyosafiri ndani ya sainasi. Aliona kwamba vijinywele vya ndani huusukuma ute kuelekea mlango wa asili wa sainasi, na hata ukitoboa tundu jingine mahali pengine, ute hulipita na kwenda mlangoni kwake. Basi kazi ya mpasuaji ikawa kuufungua mlango ule ule. Mwaka 1985 David Kennedy aliueleza upasuaji huu kwa madaktari wa Marekani, na ukaenea.

Habari hii ya vijinywele ishikeni. Nitairudia kwenye kuosha.

Upasuaji wenyewe sina la kusimulia; nusu kaputi ilinichukua nikiwa nahesabu. Nilizinduka nikiwa nahema kwa mdomo, koo limekauka, na pua imeshiba. Manesi huita paki, wagonjwa huita pamba, ila yangu haikuwa pamba. Ilikuwa sponji iliyokandamizwa ikawa kijiti chembamba kigumu. Ikiingizwa puani na kulowanishwa inafura kama mbao kavu iliyonyeshewa mvua, na kufura kwake ndiko kunakobana mishipa isitoe damu. Hospitali nyingine hutumia gozi yenye mafuta. Nyingine huivika sponji kidole cha glovu ili isinate kwenye kidonda, na zipo paki zinazoyeyuka zenyewe zisizohitaji kutolewa, ambazo bei yake si ya kila mtu. Wapo pia madaktari wasioweka chochote damu ikiwa imetulia. Kwa hiyo usipimane na jirani yako. Muulize daktari wako yeye ataweka nini, na kwa nini. Kwangu sababu zilikuwa mbili: kuzuia damu, na kuzuia kuta mbili za ndani, zote zikiwa mbichi, zisigusane na kushikana zinapopona.

Sasa usiku ule. Hofu kubwa haikuwa maumivu, maana kichwa kilikuwa kizito tu na parasetamoli ilitosha. Hofu ilikuwa pumzi. Mtu ukisinzia, mdomo unajifunga wenyewe kwa mazoea, kifua kinatafuta hewa puani, hakuna, unashtuka moyo unakwenda mbio. Nesi wa zamu, binti mdogo kwangu kiumri, alinishika bega akaniambia, "Baba, hewa ipo. Fungua mdomo, vuta polepole, hutakosa." Alirudi kunisemesha hivyo tena na tena, bila kuchoka. Mungu amlipe. Siku hizi wanaopangiwa nawashauri wafanye zoezi nyumbani wiki moja kabla: bana pua kwa vidole, kaa unahema kwa mdomo huku unatazama taarifa ya habari, zoea. Anayekoroma sana au anayekatikiwa na pumzi usingizini amwambie daktari mapema, kwa sababu pua ikizibwa hali yake huwa mbaya zaidi na atahitaji kuangaliwa kwa karibu usiku.

Mambo mengine ya usiku huo ni madogo, ila mtu asipoambiwa atadhani anakufa. Ukimeza mate, masikio yanavuta na kutoa mlio. Pua ikiwa imezibwa, kule kumeza huvuta hewa kupitia mrija unaounganisha koo na sikio. Machozi yanatiririka, kwa sababu mfereji wa machozi hushukia puani na mlango wake umezibwa. Chakula hakina ladha. Damu kidogo inateremka kooni: iteme, usiimeze, maana damu tumboni huleta kichefuchefu, na kutapika huamsha kutoka damu upya. Chini ya pua nilifungwa kipande cha gozi cha kupokea matone. Kikilowa kinabadilishwa, na nesi alitaka kujua kinalowa kwa kasi gani, kuliko kujua kimelowa. Kitanda kiliinuliwa upande wa kichwa. Mke wangu alikuwa ananipaka mafuta ya mgando midomoni na kuninywesha maji kwa vijiko, maana joto la Dar na mdomo wazi usiku kucha hukausha ulimi ukawa mzito kusema.

Kuna uzi. Kila paki inatoka na uzi, na uzi unabandikwa shavuni kwa plasta. Nilipouliza nikaambiwa unazuia paki isirudi nyuma ikadondokea kooni, na unasaidia kuivuta. Na hapa naomba tusikilizane vizuri: uliza zimewekwa ngapi. Mke wangu aliuliza nikiwa bado nimelala, akaandika kwenye simu yake, kulia moja, kushoto moja. Kesho yake zilipotolewa alisimama pale akahesabu. Kipande kikisahauliwa ndani huoza, hutoa harufu mbaya na usaha, na mgonjwa aliyepoteza kunusa hataijua harufu ile. Wataijua wa kando yake. Hakuna daktari mwema atakayekasirika kwa kuulizwa hesabu. Zaidi ya hapo, paki si kitu cha kukaa nacho. Kwa kawaida ni siku moja au mbili, kwa sababu sponji yenye damu ni makao mazuri ya vijidudu, na kuna sumu ya bakteria fulani ambayo hushusha presha na kuleta homa kali na vipele. Hutokea mara chache sana, lakini ikitokea haina mchezo. Ukiruhusiwa kwenda nyumbani na paki puani, ondoka na tarehe ya kutolewa imeandikwa.

Kutolewa kwenyewe kulikuwa hivi. Nilikula uji kwanza, kwa amri ya daktari, kwa kuwa wapo wanaozimia. Kijana aliyetangulia alilegea kitini wakamlaza. Nikapewa parasetamoli mapema. Daktari akalowanisha sponji kwa maji ya dripu, akasubiri ilainike. Wasiosubiri ndio wanaowatia watu hofu mtaani. Nikainama mbele kidogo, bakuli chini ya kidevu, mdomo wazi, akavuta moja kwa mkono usiosita. Nilihisi kitu kinaondoka nyuma ya jicho, kirefu kuliko nilivyofikiri pua inaweza kubeba. Machozi yakamwagika, damu ikatoka kiasi, nikabana pua sehemu laini, ikakoma. Ya pili nilishajua. Kisha hewa ikapita puani, baridi, pande zote mbili. Nilikuwa nimekaa miaka bila kuipata, nikamwomba daktari aniache nikae kidogo.

Wengi huishia hapo. Wanarudi nyumbani wanahema vizuri, wanadhani kazi imekwisha. Siku chache baadaye pua inaziba tena kwa uvimbe na ukoko wa damu, wanavunjika moyo, wanasema upasuaji haukufaa. Daktari alinitayarisha kwa hilo: wiki ya kwanza utajiona umeziba kuliko ulivyotoka hospitali, na ndivyo kidonda kinavyopona.

Masharti yalikuwa haya, na kila moja lina sababu yake kwenye ile picha. Usipenge kamasi, mpaka daktari aseme; vuta taratibu nyuma uteme, au pangusa tu. Ule mfupa mwembamba wa kando ya jicho ukipigwa na upepo wa kupenga, hewa inaweza kupenya mpaka kuzunguka jicho likavimba. Chafya ikija, fungua mdomo, usiibane. Usinyanyue mizigo, usikune ndani kwa kidole, lala umeinua kichwa. Asprini na diklofenaki weka mbali, zinarahisisha damu kutoka, na sisi mafundi wenye migongo mibovu diklofenaki ndiyo rafiki yetu, kwa hiyo nalisema kwa sauti. Chakula na chai viwe vuguvugu. Ndege, subiri ruhusa. Safari ya kurudi Tandika niliomba gari lenye vioo vya kufunga badala ya bajaji, kwa ajili ya vumbi na mashimo, na pesa ile siijutii.

Majirani walikuja kunijulia hali, kila mtu na dawa yake. Kujifukiza kwa mwarobaini, mafuta ya kitunguu swaumu ya kudondoshea, ugoro. Walikuja kwa mapenzi, sikumkemea hata mmoja. Mke wangu aliwapokea kwa chai na kuwaambia kidonda kiko ndani, mvuke wa moto unatanua mishipa, damu itarudi. Kilichonitesa zaidi ni moshi. Mtaani kwetu jioni taka huchomwa, mkaa unawashwa vibarazani. Tulizungumza na jirani wa nyuma, tukaomba muhula, naye akawa anachomea mbali. Kusema ukweli hili nililiona zito kuliko dawa zote: kidonda cha puani kinapumua hewa ya mtaa mzima, na lazima mtaa uombwe.

Sasa kuosha. Baada ya upasuaji vile vijinywele vinavyosukuma ute hulala. Vinahitaji wiki nyingi kuamka, na kwa pua iliyougua muda mrefu ni miezi. Ute na damu iliyoganda vinabaki ndani bila wa kuvisukuma. Vikikauka vinakuwa ukoko, chini ya ukoko vijidudu vinakaa, kuta zinashikana kwa makovu, na ule mlango uliofunguliwa kwa gharama yote ile unafungwa tena. Maji ya chumvi yanafanya kazi ya vijinywele mpaka vipate nguvu. Ndiyo sababu daktari aliniambia nikiacha kuosha nitakuwa nimelipia nusu ya upasuaji.

Namna yangu: maji yaliyochemka yakatokota kweli, yakapoa mpaka vuguvugu, kiasi cha mililita 240, chumvi nusu kijiko cha chai, na chembe ya bikaboneti ya kuokea keki ili yasichome. Si magadi ya kuchemshia maharage. Hayo ni makali, usiyapeleke puani. Chupa laini ya kubana niliipata duka la dawa Kariakoo, na asiyeipata hutumia bomba kubwa la sindano bila sindano. Inama juu ya sinki, fungua mdomo, usiseme neno, bana polepole, maji yaingie tundu moja yatokee jingine. Mwanzoni yatatoka mekundu, kahawia, yatatoka na vipande vya ukoko vya kutisha. Hivyo ndivyo vinavyotakiwa kutoka.

Juu ya maji sina mjadala. Maji ya bomba yanayotujia kutoka Ruvu, ya kisima, ya lori, yote yachemshwe. Nilisikia mtu akisema visima vyetu vina chumvi tayari, basi mtu ajioshee moja kwa moja. Hapana. Kuna kiumbe kidogo kinachoishi kwenye maji ya vuguvugu, kinaitwa Naegleria fowleri, ambacho ukikinywa hakikudhuru lakini kikipanda puani hufuata mishipa ya kunusa hadi kwenye ubongo. Mwaka 2011 katika jimbo la Louisiana nchini Marekani watu wawili walifariki baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba. Ni nadra, lakini kuchemsha maji ni kazi ya birika moja. Mke wangu alikuwa anachemsha usiku, anafunika, asubuhi yako tayari. Chupa nayo ioshwe na ikauke.

Kwa Waislamu wenzangu kuna suala la udhu na sujudu, ambalo hospitalini halikuguswa mpaka nilipouliza mwenyewe. Daktari alisema kuinamisha kichwa chini wiki za mwanzo kunapandisha damu kichwani, na maji yasiyochemshwa yasivutwe puani. Nikaenda kwa shekhe wetu. Akanieleza kwamba kupandisha maji puani katika udhu, kwa madhehebu yetu ya Shafi, ni sunna, niiache bila wasiwasi, na mgonjwa husali kwa kukaa na kuashiria kwa kichwa. Ramadhani ilipoingia, akanielekeza niweke kuosha kwangu baada ya futari na kabla ya alfajiri. Hivyo ratiba ya dawa na ya ibada zikakubaliana. Nawaomba madaktari walitaje hili wao wenyewe, kwani wapo wagonjwa watakaosujudu na damu inawatoka, kwa kuona haya kuuliza.

Wiki ya pili kuna jambo lililonitia hofu. Niliinama kuokota kanda mbili, maji meupe yakachuruzika tundu la kushoto. Nilikuwa nimeambiwa kwamba maji maangavu yenye ladha ya chumvi, yanayotoka upande mmoja ukiinama, yanaweza kuwa ya ubongo yanayovuja, na kwamba hilo halisubiri kesho. Tulipiga simu palepale, tukaenda. Daktari akachungulia kwa kamera, hakuna kitu: ni maji yangu ya kuoshea yaliyobaki ndani ya sainasi ya shavu. Akanipa namna ya kutofautisha. Ya kuoshea hutoka saa chache baada ya kuosha, yakaisha. Yasiyoisha, yanayorudi hata siku hujaosha, hayo ndiyo ya kukimbilia hospitali. Tangu hapo nikimaliza kuosha nainamisha kichwa upande huu na huu juu ya sinki yamalizike. Pamoja na hayo kuna mengine ya kukimbilia: damu nyekundu isiyokoma baada ya kukaa wima umebana pua robo saa, jicho kuvimba au kuona viwili, homa na shingo kukakamaa, kichwa kuuma kusikosikia dawa.

Kliniki za kusafisha hakuna anayezipenda. Daktari anaingia na kamera na mrija wa kufyonza, anabandua ukoko ule ambao maji yameshindwa. Kwangu ile ya kwanza iliuma kuliko kutolewa pamba. Nilimwona baba mmoja akiondoka kabla ya zamu yake kwa kusema, mimi nahema vizuri bwana. Nilimfuata mpaka nje nikamsihi arudi. Mtu anahema vizuri hata kovu likiwa limeanza kushika. Halijulikani mpaka lizibe.

Pesa nazo zipangwe kwa wiki, si kwa siku. Bima ilibeba upasuaji, haikubeba siku ambazo sikuingia karakana. Fundi wa mbao hawezi kurudi kwenye vumbi na harufu ya vanishi akiwa na kidonda puani. Vijana wangu walishika kazi, nami nilipokea oda kwa simu tu. Niliporudi, nilirudi na barakoa ya fundi yenye vichujio, inayobana uso, maana ile nyepesi ya dukani haizuii unga wa msasa. Vumbi la mbao limewekwa tangu mwaka 1995 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwenye orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu, na pua na sainasi ndizo zinazolengwa. Kwa sababu hiyo nyama zangu zilipelekwa maabara. Siku za kusubiri majibu sikulala vizuri, na mke wangu alikuwa anaamka kunisomea dua. Yalikuja: nyama za kawaida, hakuna saratani. Kila fundi wa Keko anayetolewa kitu puani adai majibu yale mkononi, na atakayekuwa anatokwa damu upande mmoja tu au kuziba upande mmoja tu aende hospitali leo.

Kunusa kulirudi kwa vipande. Kahawa kwanza, kisha sabuni, kisha samaki wa kukaanga wa jirani, kisha kwa muda ikapotea tena nilipopata mafua, ikarudi. Mninga ulichukua muda mrefu zaidi. Kijana alikuwa anapasua ubao, nikamwambia azime mashine, nikainusa ile sehemu mbichi ya mkato. Ilikuwapo, hafifu.

Daktari hakunificha kwamba nyama hizi hupenda kurudi, kwa kuwa upasuaji unafungua njia tu, ugonjwa wenyewe haung'oi. Kwa hiyo bado naosha, na baada ya kuosha nasubiri kidogo, napulizia dawa, mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa la kulia, ncha ikielekea upande wa sikio isipige ukuta wa kati, maana hapo ndipo damu hutokea. Kliniki iliyopita kamera ilionesha uvimbe mdogo upande wa kushoto. Tumekubaliana niongeze dawa kwenye maji ya kuoshea kwa miezi mitatu, kisha aangalie tena. Tarehe imeandikwa kwenye kalenda ya karakana, na vijana wote wanajua siku hiyo sitaonekana kazini.